GITAA LA UMEME: LINDENI MASIKIO, OGOPENI WAYA ULIOKATWA



Mama mmoja alimleta kijana wake hospitalini kwetu akisema mtoto amerogwa. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mwenye nguvu zake, hana homa wala kikohozi. Shida yake ilikuwa moja. Usiku, nyumba inapokuwa kimya, alisikia filimbi nyembamba ikilia ndani ya kichwa chake, na hakuna mwingine aliyeisikia. Walikwisha kwenda kwa mganga na mbuzi mmoja alikwisha kuliwa huko. Nilimwuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba mchana yuko kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, na jioni anapiga gitaa la solo katika kikundi cha vijana. Hapo nikaelewa filimbi ile inatoka wapi.

Tangu siku ile wazazi wengi hapa Kharumwa wamekuwa wakiniuliza juu ya gitaa la umeme. Wengine wanaogopa kwamba litamfundisha mtoto uhuni. Suala la uhuni nawaachia mapadre na makatekista, ingawa naona kijana anayehangaika na nyuzi sita jioni nzima hana muda wa kukaa kilabuni. Wengine wanauliza kama chombo hicho kinafaa kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha filimbi heshima ya kwanza, lakini ukaruhusu vyombo vingine pia, kwa idhini ya wenye mamlaka katika Kanisa, vikifaa kwa matumizi matakatifu. Sisi Wasukuma tusisahau kwamba hata ngoma zetu ziliwahi kutazamwa kwa shaka, mpaka watu kama Padre David Clement wa Bujora walipozipa nafasi. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitasema yale ninayoyaona wodini na kliniki. Ni mambo matatu: masikio, umeme na vidole.

Gitaa hili linafanyaje kazi?

Gitaa la kawaida lina tumbo la mbao lenye uwazi, na sauti hukuzwa humo. Gitaa la umeme kwa kawaida ni ubao mzito usio na tumbo. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Mafundi huziita pikapu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hizo, umeme mdogo sana unazaliwa katika shaba, unapita kwenye waya mpaka kwenye amplifaya, nayo inaukuza na kuusukuma kwenye spika. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai kwa pikapu za namna hii: sumaku haizitambui.

Umeme unaozaliwa ndani ya gitaa hauwezi kumdhuru hata mtoto mchanga. Hatari iko upande wa pili wa waya, kwenye amplifaya iliyochomekwa katika umeme wa volti 230.

Kwanza masikio

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu chenye umbo kama gamba la konokono. Humo zimo chembe hai zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti inapoingia, vinywele hivyo huinama kama mtama kwenye upepo, na ubongo unapokea habari. Upepo mdogo hauudhuru mtama. Kelele kubwa ya muda mrefu ni kama mvua ya mawe: mabua yanavunjika. Tofauti ni kwamba mtama unaweza kupandwa tena msimu ujao, lakini chembe hizi, zikifa kwa binadamu, hazioti tena. Hakuna sindano, hakuna dawa ya matone, hakuna mzizi wa porini unaoweza kuzirudisha.

Filimbi aliyoisikia yule kijana ni dalili ya chembe hizo kuumia. Wengi mnaijua kengele ya namna hiyo kutokana na kwinini: mgonjwa akitibiwa kwa dawa hiyo masikio hulia siku kadhaa. Ile ya kwinini kwa kawaida hupita. Ya kelele hupita mara ya kwanza na mara ya pili, baada ya usiku mmoja au siku mbili, na hapo kijana hujiona mzima. Siku moja inabaki.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini huchukua desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku kuwa ndio mpaka. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Bendi yenye ngoma, besi na magitaa mawili ndani ya ukumbi wa bati hufika 100 bila taabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki, likitaka wastani wa sauti usipite desibeli 100 katika muda wowote wa dakika 15, na wasikilizaji wawe na mahali pa utulivu pa kupumzisha masikio.

Hatuna mashine ya kupimia, lakini iko njia ya bure. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikiwa inakulazimu kupaza sauti ili akusikie, mahali hapo kelele imefika kiwango cha kuumiza. Jaribuni kwenye karasha, kisha mjaribu kwenye mazoezi ya kikundi.

Tatizo la vijana wetu wa ukanda huu wa dhahabu ni hesabu ya siku nzima. Sikio halina kitabu kimoja cha kazi na kingine cha muziki. Kijana aliyekwisha kumaliza posho yake ya kelele kwenye karasha, au kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anapofika mazoezini saa kumi na moja jioni hana akiba yoyote. Akirudi nyumbani anaweka visikilizi vya simu masikioni. Wako pia wanaohitaji uangalifu zaidi: waliowahi kuchomwa sindano nyingi za jentamaisini au streptomaisini, kwa kuwa dawa hizo, pamoja na faida yake kubwa, zinaweza kuzidhoofisha chembe hizo hizo.

Sasa tufanye nini? Nimekaa na vikundi viwili vitatu wakati wa mazoezi na nimegundua jambo moja la kushangaza. Mpiga gitaa huongeza sauti kwa sababu hajisikii, na hajisikii kwa sababu amplifaya yake imewekwa sakafuni ikielekea magotini. Magoti hayana masikio. Sauti kali inampita chini na kwenda kuwapiga watoto waliokaa mstari wa mbele. Pandisheni amplifaya juu ya benchi imara au igeuzeni itazame juu, iwe usawa wa kichwa cha mpigaji. Mtashangaa jinsi atakavyopunguza mwenyewe. Spika kubwa zisielekezwe kwenye mikeka ya watoto. Nje, penye uwazi, kila mnapouzidisha umbali mara mbili, kelele inashuka kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo mtoto aliye mita 8 kutoka kwenye spika ana nafuu kubwa kuliko aliye mita 2.

Pamba kavu ya kawaida masikioni haisaidii sana. Vizibo vya sponji vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya migodini husaidia zaidi, mradi vifinywe kwa vidole safi, viingizwe vizuri na kuachwa vivimbe. Sikio linalotoa usaha lisizibwe. Lije hospitalini kwanza.

Yule kijana wa filimbi bado anapiga gitaa. Anavaa vizibo karashani, amplifaya yake iko juu ya kiti, na filimbi imepungua lakini haijaisha. Nilimwambia mama yake ukweli huo mapema, ili asitafute mbuzi mwingine.

Umeme: nyuzi zimeunganishwa na ardhi

Hapa naomba wazazi wasome polepole, na mwenyekiti wa kwaya asomewe kama hana miwani.

Nyuzi za gitaa la umeme, pamoja na chuma kinachozishikilia, huwa zimeunganishwa kwa waya na bodi la amplifaya. Bodi hilo nalo limeunganishwa na ardhi kupitia plagi. Mafundi waliunganisha hivyo ili kuondoa mvumo kwenye sauti. Maana yake ni kwamba kijana anayeshika nyuzi ni kama ameshika bodi la amplifaya. Amplifaya ikiwa nzima na waya wa ardhi ukiwa mzima, hakuna shida. Lakini ukiwa umekatwa, na ndani ya amplifaya kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, umeme wa volti 230 unaweza kufika kwenye nyuzi zenyewe, katika vidole vya mtoto wako.

Iko hatari ya pili, ambayo wengi hawaijui. Amplifaya inaweza kuwa nzima kabisa, lakini maiki imeunganishwa kwenye mashine nyingine yenye hitilafu, au isiyo na waya wa ardhi. Mpigaji ameshika nyuzi kwa mkono, anasogeza midomo kwenye maiki ili aimbe, na mwili wake unakuwa daraja kati ya vyombo viwili. Umeme unapita kifuani, palipo na moyo. Mpiga gitaa Les Harvey wa Uskoti alikufa namna hiyo jukwaani mjini Swansea tarehe 3 Mei 1972, alipogusa maiki isiyounganishwa vizuri na ardhi. Mwimbaji Keith Relf wa Uingereza alikufa mwaka 1976 kwa kupigwa na umeme nyumbani kwake akiwa na gitaa. Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alianguka na kuzimia jukwaani mwaka 1965 huko Sacramento, Marekani, gitaa lake lilipogusa maiki. Yeye alipona, na inasemekana viatu vyake vyenye soli ya mpira ndivyo vilivyomsaidia. Hao walikuwa watu maarufu wenye mafundi wao. Sisi tuna ekstensheni iliyofungwa kwa plasta.

Tuangalie plagi zetu. Plagi ya miguu mitatu ina mguu mrefu wa juu, nao ndio wa ardhi. Nimeona plagi ambazo mguu huo umevunjwa ili iingie kwenye tundu la miguu miwili. Nimeona pia waya mbili zilizochunwa na kuchomekwa tunduni kwa njiti za kiberiti, na ule wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, umekunjwa nyuma kama kitu kisicho na kazi. Huo wa tatu ndio unaookoa maisha.

Msiseme, "Fyuzi ipo, itakata." Fyuzi ya plagi kubwa ni ya ampea 13, na kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Sehemu 30 za elfu ya ampea moja zikipita mwilini zinatosha kukaza misuli mtu asiweze kuachia alichoshika, na kuzuia pumzi. Fyuzi ya 13 haina habari na kiasi hicho. Inahitaji mara mia nne zaidi. Kinachomlinda mtu ni ile swichi maalumu inayokata umeme mara unapovuja. Parokia inayonunua gitaa na isinunue swichi hiyo imefanya hesabu mbaya.

Msiseme pia, "Yetu ni sola, haiui." Betri ya volti 12 yenyewe haina nguvu ya kukupiga, lakini ikishapita kwenye inveta imekuwa volti 230 sawasawa na ya gridi. Jenereta ni hivyo hivyo.

Vyombo vyote vya jukwaa, yaani magitaa, maiki na kinanda, vichukue umeme mahali pamoja, kwenye ekstensheni moja nzima yenye waya wa ardhi, badala ya gitaa kuchukua sakristia na maiki kuchukua kwa jirani. Mpigaji avae viatu vikavu vyenye soli ya mpira. Miguu mitupu juu ya saruji yenye unyevu, na mikono yenye jasho, hurahisisha njia ya umeme. Fundi mwenye leseni apime ile fimbo ya ardhi iliyochimbiwa nje ya kanisa, hasa kiangazi. Mwezi wa nane udongo wetu hukauka mpaka unapasuka, na udongo mkavu hauchukui umeme vizuri. Kuumwagilia maji pale kwenye fimbo kunasaidia. Kanda yetu ya Ziwa ina radi nyingi, kwa hiyo mawingu yakianza kunguruma, chomoeni kila kitu na mpumzike.

Kijana akisema midomo inatekenywa anapokaribia maiki, msicheke. Huo ni umeme unabisha hodi. Zimeni, na msiwashe tena mpaka fundi aje. Wala msifungue amplifaya wenyewe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kuna vyombo vinavyohifadhi umeme, na katika amplifaya za zamani zenye valvu huweza kuwa zaidi ya volti 400.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kuu au jenereta kwanza. Ikishindikana, msukume mbali na waya kwa ubao mkavu au mchi mkavu, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari. Usisimame kwa sababu umechoka, mwenzako akupokee. Hata aliyezinduka na kuomba maji lazima aletwe hospitali. Kidonda cha umeme kwenye ngozi huwa kidogo kama punje, lakini ndani misuli inaweza kuwa imeungua, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Vidole, mikono na mgongo

Anayeanza ataumia ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Hilo ni la kawaida, na baada ya wiki chache ngozi hufanya sugu. Asilazimishe. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinafundisha kuliko saa mbili mfululizo siku ya Jumamosi. Lengelenge likitokea asilipasue, apumzike. Aanze na nyuzi nyembamba, zile za namba 9 au 10, na akandamize uzi karibu kabisa na kijiti cha chuma cha shingo ya gitaa, hapo hahitaji nguvu nyingi. Kama nyuzi ziko juu sana, fundi azishushe. Ajue kuzitega sawa, E, A, D, G, B, E kutoka nene hadi nyembamba, kisha ajifunze kodi tatu, G, C na D. Kwa tatu hizo ataongoza nyimbo nyingi za kwaya. Mazoezi ya usiku ayafanye bila kuchomeka kabisa: gitaa la umeme lisilochomekwa linasikika na mpigaji tu, jirani analala, na masikio yanapona.

Mara nyingi gitaa la umeme lina uzito wa kilo 3 mpaka 4 na nusu, nao wote unaning'inia kwenye bega moja. Mkanda uwe mpana. Urefu wake uwe kiasi kwamba gitaa likae mahali pale pale mpigaji akiwa amesimama au ameketi. Vijana hulishusha mpaka mapajani kwa kuiga picha, na kifundo cha mkono kinapinda sana. Ganzi katika kidole gumba na vile viwili vinavyofuata, hasa usiku, ni ishara kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Asimamishe mazoezi na aje tumwone.

Vidole vikianza kutetemeka kwa kijana anayechoma dhahabu yenye zebaki, gitaa halina kosa. Mvuke wa zebaki hutetemesha vidole, huondoa usingizi na kuharibu kumbukumbu. Nimewahi kumgundua mgonjwa mmoja kwa njia hiyo: mwenzake alilalamika kwamba siku hizi solo yake inakosea.

Kuhusu utunzaji wa chombo sina mengi. Jasho lina chumvi na hutia kutu, kwa hiyo nawe kabla ya kupiga na upanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Wachache hupata upele kwenye vidole kwa ajili ya nikeli iliyopakwa kwenye nyuzi; wakiona hivyo watafute nyuzi za chuma cha pua. Unapofunga uzi mpya, kata ncha inayobaki na uikunje, maana hiyo huchoma kama sindano, na ya uzi wa zamani huchoma ikiwa na kutu na uchafu. Akina mama wengi wamepata chanjo ya pepopunda kliniki wakiwa wajawazito. Vijana wa kiume wengi hawajaongezewa tangu utotoni. Kijana wako akichomwa, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha mlete siku hiyo hiyo na kadi yake ya chanjo, kama bado ipo.